Nifanyeje nimpate wolai mkubwa chini ya barafu?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtu wa Ukerewe, sasa naishi St. Cloud, Minnesota, huku Marekani. Baba alikuwa mvuvi wa sangara na mimi nimekulia mitumbwini. Huku nimejifunza kuvua barafuni, na huu ni msimu wa pili namtafuta wolai mkubwa, angalau wa inchi 28. Napata wa inchi 13 au 14 tu, na siku nyingine narudi mikono mitupu. Huwa naenda Jumamosi, peke yangu, kwenye ziwa la karibu na nyumbani. Natoboa penye kina kirefu kabisa, kama futi 60, maana samaki mkubwa hukaa kilindini. Nakaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa juu, kisha narudi kabla baridi haijazidi. Sina sona, kile kifaa cha kuonyesha samaki chini ya maji, nina keekee ya mkono na vidagaa hai. Wengine wananiambia ninunue sona, wengine wanasema tatizo ni chambo. Nibadilishe nini? Na nikimpata, naweza kumpeleka nyumbani? Mke wangu ni mjamzito na tuna mtoto wa miaka 3."

Marahaba, ndugu yangu. Umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu limo humo humo ndani ya swali lako. Chambo chako hakina ubaya. Sona itakusaidia, lakini ukiinunua leo na ukaendelea kuvua kama unavyovua sasa, itakuonyesha tu kwa uwazi zaidi kwamba hapo ulipo hakuna samaki. Kinachokuponza ni saa, mahali na ziwa lenyewe, na nimeyapanga kwa uzito wake. Mwezi Desemba jua la St. Cloud huzama kama saa kumi na nusu jioni. Wewe saa tisa unafunga mizigo. Unaondoka wakati wolai mkubwa ndiyo kwanza anaanza kusogea kutafuta chakula.

Ili uelewe kwa nini, mweke sangara pembeni kwanza. Wolai, ambaye kwenye mabango na vitabu vya kanuni utamkuta ameandikwa walleye, hana udugu wa karibu na sangara wa Ziwa Victoria, ingawa minofu yao inafanana ukiiona dukani. Yeye ni wa ukoo wa perchi, samaki wa maji baridi, na silaha yake kuu ni jicho. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaoakisi mwanga, kwa hiyo mwanga kidogo ulioingia hupita kwenye chembe za kuonea mara mbili. Ndiyo maana ukimmulika usiku macho yake hung'aa. Jicho la namna hiyo linamfaa sana kwenye giza la magharibi na alfajiri, na linamsumbua kwenye mwanga mkali.

Sasa mwangalie anayeliwa. Chakula kikubwa cha wolai katika maziwa ya Minnesota ni perchi wa manjano. Perchi anaona vizuri mchana. Huzunguka kwa makundi, hukwepa haraka, na wolai akimfukuza saa sita mchana mara nyingi hupoteza nguvu bure. Mwanga ukianza kufifia, perchi hupungukiwa na uwezo wa kuona na kushuka kutulia karibu na sakafu ya ziwa. Wolai bado anaona. Kwa muda mfupi, tuseme kuanzia nusu saa kabla ya jua kuzama hadi saa moja baada ya hapo, mwindaji anamwona anayewindwa, naye anayewindwa hamwoni mwindaji. Samaki mkubwa ameishi miaka mingi kwa kutumia dirisha hilo. Alfajiri kuna dirisha jingine la namna hiyo, kwa kawaida fupi zaidi.

Barafu na theluji hubadilisha hesabu hii kidogo. Theluji nene juu ya barafu hufanya chini kuwe na kiza hata mchana, na siku ya mawingu mazito samaki anaweza kula mapema. Kuna pia maziwa yenye maji ya rangi ya chai, kama Upper Red Lake inayopokea maji ya vinamasi, au Lake of the Woods kule mpakani na Kanada. Huko wolai hula mchana kabisa, na mtu mwenye ratiba kama yako anaweza kufanikiwa. Lakini baadhi ya maziwa ya karibu na St. Cloud yana maji maangavu, na ziwa kubwa la Mille Lacs nalo maji yake yamezidi kuwa maangavu tangu kome wavamizi wenye milia walipoenea. Kwenye maji maangavu, mchana wa jua kali ndio wakati mgumu kuliko wote.

Tuje kwenye futi 60. Naelewa wazo hilo limetoka wapi, na wavuvi wengi waliozaliwa hapa hapa Minnesota wanalo. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi joto 4. Kwa hiyo ziwa likiganda, maji ya karibu na sifuri hukaa juu chini ya barafu, na yale ya kama nyuzi 4 hulala chini. Tofauti ya kutoka juu hadi chini ni nyuzi chache tu, na ukishafika futi 20 au 30 karibu yote umeshaipata. Samaki hapati faida ya joto kwa kuteremka hadi 60. Anachoweza kupata huko ni upungufu wa oksijeni, kwa sababu mabaki yanayooza sakafuni huitumia majira yote ya baridi huku barafu ikizuia hewa mpya kuingia. Mille Lacs, ambalo limewapa watu wolai wakubwa kizazi baada ya kizazi, halifiki futi 45 hata penye kina kirefu kabisa. Upper Red Lake halifiki hata 20.

Kuna jambo jingine kuhusu kina hicho ambalo nataka ulijue hata kama hutafuata ushauri wangu mwingine wowote. Kibofu cha hewa cha wolai hakina mlango wa kutolea hewa. Ukimvuta haraka kutoka chini ya futi 30, hewa ile hutanuka, macho hutoka nje, tumbo husukumwa hadi mdomoni. Unaweza kumrudisha tunduni akaondoka akipiga mkia, kumbe hatapona. Hao wa inchi 13, kama uliwarudisha baada ya kuwavuta kutoka futi 60, wengi huenda walikufa. Kama una nia ya kurudisha samaki, usivue kilindini. Hakuna ujanja wa mkono utakaoliondoa tatizo hilo.

Basi utoboe wapi? Tafuta ukingo, yaani mahali ambapo kitu kimoja cha sakafu kinakutana na kingine: mteremko unapoanza, changarawe inapogeuka matope, majani ya majini yanapokoma. Perchi hukusanyika kwenye kingo hizo kwa sababu ya wadudu na mabuu, na wolai hupita hapo kama doria. Desemba, barafu ikiwa changa, kingo nzuri ziko karibu na ufuko: ncha ya rasi inayotelemka ghafla, au mpaka wa nje wa majani ambayo bado ni mabichi, futi 8 hadi 15. Januari na Februari samaki wengi husogea nje, kwenye vilima vya chini ya maji na kwenye kitako cha miteremko, futi 20 hadi 30 na kitu. Mille Lacs ina uzuri wake hapa: upande wa kaskazini kuna nyanda kubwa za matope zilizoinuka kutoka sakafuni, na kingo zake hutafutwa na wavuvi majira yote ya baridi, upande wa kusini miamba ni mingi zaidi. Mwisho wa msimu majike waliojaa mayai huanza kuelekea midomo ya mito, maana watataga mara barafu ikiyeyuka. Lakini maziwa mengi ya ndani ya Minnesota hufungwa kwa uvuvi wa wolai mwishoni mwa Februari, kwa hiyo kwako kipindi hicho ni kifupi.

Ukingo unaweza kuupata bila sona, na mtu aliyekulia mitumbwini ana mkono wa kazi hiyo. Chapisha ramani ya kina ya ziwa kutoka tovuti ya Idara ya Maliasili ya Minnesota, chagua sehemu ambayo mistari ya kina imebanana, kisha toboa safu ya matundu kutoka futi 10 kuelekea futi 30. Kwenye kila tundu bana chubwi kwenye ndoano uiteremshe. Ikigota na mshipi kulegea ghafla, ni mwamba au changarawe. Ikitua kwa ulaini, na ukiivuta ikashikilia kidogo kabla ya kuachia, ni matope. Ipandishe uitazame, utaona imepakwa weusi. Kati ya tundu lililogota na tundu lililoshikilia ndipo pa kukaa. Fanya kazi hii yote mapema, keekee iwe imelala kufika saa tisa. Kwenye futi 10 za maji maangavu, kelele na nyayo juu ya barafu humfukuza samaki aliyekuwa anakuja, na wanaotoboa jioni ile ile ya kuvua hujiharibia dirisha lao wenyewe.

Ziwa lenyewe nililitaja la tatu, lakini kwa lengo lako la inchi 28 ndilo linaloamua kama ndoto yako inawezekana kabisa. Karibu wolai wote wakubwa ni majike. Dume akipita inchi 22 ni ajabu. Jike wa inchi 28 ana uzito wa kama ratili 8, na kaskazini huku amechukua miaka kumi na zaidi kufika hapo. Rekodi ya Minnesota, aliyevuliwa Mto Seagull mwaka 1979, alikuwa na ratili 17 na nusu. Ili jike afike ukubwa wa maana anahitaji chakula chenye mafuta, hasa samaki aitwaye sisko, na anahitaji ziwa ambalo hakupitiwa na ndoano ya kila mtu kabla hajakua. Maziwa mengi madogo ya karibu na miji hupandwa vifaranga, huvuliwa sana, na wengi hawapiti inchi 18. Fungua kurasa za LakeFinder za idara ile ile, tafuta ziwa lako, usome jedwali la urefu wa samaki waliokamatwa na nyavu za utafiti. Kama safu ya inchi 25 kwenda juu ni tupu mwaka baada ya mwaka, usijilaumu wala usiulaumu mkono wako. Tumia ziwa hilo kujifunzia, na Jumamosi chache uende Mille Lacs, mwendo wa kama saa moja tu kutoka kwako. Soma kanuni zake kila msimu kabla ya kuondoka, maana hubadilika mara kwa mara.

Jioni yenyewe uifanye hivi. Minnesota inakuruhusu mishipi miwili barafuni, basi kila mmoja upe kazi yake. Wa kwanza uwe mtego wa bendera inayoinuka samaki akishika, au wa boya, na kidagaa hai wa inchi 3 hadi 5, mkubwa kuliko unaotumia sasa, akiogelea nusu futi hadi futi moja juu ya sakafu. Uweke upande wenye kina kidogo wa ukingo, maana giza likiingia samaki hupanda. Wa pili uwe mkononi mwako, na chambo cha chuma chenye umbo la kijiko na kichwa cha kidagaa kwenye ndoano yake. Kinyanyue kama futi moja, kiachie kianguke chenyewe, kisha kitulize. Kutuliza huku ndiko watu hawakuwezi. Wanachezesha mkono bila kupumzika, na wolai anakuja, anatazama, anaondoka. Mwite kwa mwendo, mlishe kwa utulivu: sekunde 5, hata 10, kijiko kikining'inia huku unakitetemesha kwa kiasi cha kukitikisa kichwa cha kidagaa tu. Mara moja moja kigongeshe sakafuni kitimue tope. Kumbuka pia kwamba majike wakubwa wanaofuata sisko huogelea juu ya sakafu, wakati mwingine futi kadhaa, kwa hiyo kabla hujahama tundu jaribu pia maji ya katikati.

Hapa sasa ndipo sona inapolipa. Itakuonyesha samaki aliyekuja akasita, na utajifunza kumpandishia chambo polepole kana kwamba kinatoroka. Bila sona unaweza kukaa msimu mzima bila kujua kwamba walikuja wengi na wote ukawakimbiza kwa mkono wako. Kwa hiyo nasema nunua, lakini baada ya kubadilisha saa na mahali, na hata iliyotumika inatosha. Kwa fedha za leo ningetanguliza hema dogo na buti nzuri, kwa sababu vifaa hivyo ndivyo vitakavyokuwezesha kukaa hadi saa moja usiku.

Akishika, usimkurupukie. Legeza breki ya roda mapema. Mshipi wa ratili 6 hadi 8 unatosha ukimpa nafasi ya kukimbia. Hatari kubwa iko kwenye mdomo wa chini wa tundu, ambapo barafu kali hukata mshipi samaki akizunguka. Shusha ncha ya fimbo ndani ya tundu, subiri kichwa kielekee juu, ndipo umwongoze apande. Tundu la inchi 8 linampitisha wolai wa inchi 28, la inchi 10 linakupunguzia wasiwasi. Mshike kwa mkono uliolowa, umtegemeze tumboni, vidole mbali na mashavu na macho. Kukiwa na nyuzi 15 chini ya sifuri, mashavu na macho ya samaki huanza kuganda mara tu anapotoka majini, kwa hiyo picha iwe ya haraka, na kipimo cha urefu ukiandae kabla kando ya tundu. Usimlaze kwenye theluji.

Nimekushauri ubaki barafuni gizani, na wewe unakwenda peke yako. Hilo la pili libadilike. Idara ya Maliasili inataka angalau inchi 4 za barafu ngavu kwa mtu anayetembea, 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, na 9 hadi 10 kwa gari dogo. Barafu nyeupe ina nusu tu ya nguvu hiyo. Pima kwa mtaimbo na keekee unavyosonga mbele, kwa sababu unene wa hapa hausemi chochote kuhusu hatua hamsini mbele, hasa penye mkondo, midomo ya mito na nyufa kubwa kama zile za Mille Lacs. Vaa jaketi la uokozi, ning'iniza shingoni misumari miwili yenye vishikio, na umwachie mkeo ramani ya mahali ulipo na saa ya kurudi. Ukitumbukia, geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikubeba. Chomeka misumari, piga miguu hadi ulale kifudifudi, kisha jiviringishe, usisimame. Ndani ya hema lenye jiko la gesi acha matundu ya hewa wazi na uwe na king'ora cha kaboni monoksidi. Kichwa kikianza kuuma ukiwa hemani, toka nje papo hapo na utafute msaada.

Kwa safari yako ya kwanza ya usiku Mille Lacs, usiende kwa maandishi yangu. Pita kwenye duka la chambo ufukweni, uliza hali ya barafu ya siku hiyo na njia zinazotumika, na ukiweza lipia mwongoza wavuvi jioni moja. Atakuonyesha mambo ya barafu ambayo hayaelezeki kwenye karatasi.

Na nyumbani? Huyo wa inchi 28 usimpeleke. Zebaki hujikusanya mwilini mwa samaki kadiri anavyozeeka na kula wenzake, na Idara ya Afya ya Minnesota inawashauri wajawazito na watoto wasile kabisa wolai aliyepita inchi 20. Hata wadogo inawawekea kiasi cha kula kwa mwezi. Mkeo azungumze na mkunga au daktari wake kuhusu samaki wote anaokula, si wa ziwani tu. Kwa chakula weka wa inchi 15 hadi 18 pale kanuni zinaporuhusu. Nyama yao pia ni tamu zaidi. Jike mkubwa mrudishe na mayai yake. Kama unataka ukumbusho wa ukutani, mpime urefu na mzunguko wa tumbo, mpige picha moja ya ubavuni yenye rangi zake halisi, kisha mwachie. Mafundi wa Minnesota huchonga samaki wa faibaglasi kwa vipimo hivyo, na hudumu kuliko ngozi ya samaki mwenyewe.